Kitanda Nyuma ya Usukani



Katika somo la falsafa ya zama hizi tulifika kwa Martin Heidegger, na kwa hotuba aliyoitoa mbele ya wasanifu majengo mjini Darmstadt mwaka 1951, Ujerumani ikiwa bado inahangaika na uhaba wa nyumba baada ya vita. Hoja yake ni kwamba kukaa mahali ni zaidi ya kuwa na paa. Mmoja wa mifano yake ni dereva wa lori: akiwa barabarani anajisikia nyumbani, ila malazi yake hayako huko. Wenzangu waliandika kwenye daftari na kusonga mbele. Mimi sikuweza, kwa sababu kwetu ni Mlowo, na baba mdogo ni dereva wa masafa. Malazi yake yako huko huko.

Anayeijua Tunduma hahitaji maelezo. Barabara ya TANZAM inaleta mizigo ya Zambia na Kongo kutoka bandari ya Dar es Salaam, na shaba inarudi kwa njia hiyo hiyo. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapita pale pale mjini, lakini mzigo mwingi uko barabarani. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walifungua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, na kazi ikawa nyepesi. Hata hivyo foleni haijaisha. Kuna siku mkia wake unapita Mpemba na kuelekea Vwawa, na dereva haruhusiwi kuchoka, wala kuliacha gari. Mzigo uko mikononi mwake, dizeli inanyonywa usiku, na gari la mbele likisogea mita ishirini naye asogee, la sivyo mwingine anaingia.

Kwa hiyo anajenga. Likizo iliyopita, mwezi Juni, nilikaa naye foleni siku nne tukitengeneza gari lake, na nimejifunza mambo ambayo hayamo kwenye vitabu vyetu.

Gari ni Scania lililokwisha kutumika Ulaya kabla ya kuletwa kwetu, lenye kitanda kimoja nyuma ya viti. (Wenye Fuso hawana hata hicho, wao hulaza ubao juu ya viti na kumshukuru Mungu.) Godoro lilikuwa limeliwa katikati. Tulinunua la sponji la nchi nne, tukalikata kwa kisu cha mkate kufuata kabini, maana pembe za kule nyuma hazina mraba hata moja. Chini tuliweka plaiwudi tuliyoitoboa matundu mengi. Mwanzoni nilidhani ni urembo, naye akanieleza: Juni ya Songwe ni baridi, pumzi ya mtu inagusa bati na kuwa maji, na godoro lisilopata hewa linaoza kutoka chini. Kisha pazia zito la kuzuia taa za magari mengine.

Umeme ndio alioushughulikia kwa heshima. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa zikawa volti 24, hivyo inveta ya gari dogo itaungua. Alinunua inayostahili, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, si karibu na inveta, ili waya ukichubuka njiani usiwashe moto. Matumizi ni taa moja na simu. Gari lisilowaka asubuhi kwenye foleni ni aibu, na nyuma yako kuna mia wanaopiga honi.

Jiko liko nje, kwenye boksi la pembeni mwa tela. Fundi wa kuchomelea aliugeuza mlango wa boksi ufungukie chini, ukashikwa na minyororo miwili, na sasa ukifunguka ni meza. Ndani kuna mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu yake, umefungwa kwa mpira wa tyubu usiyumbe, na sufuria mbili. Kando kuna dumu la lita 20 lenye koki. Turubai likivutwa kutoka ubavuni mwa tela, mvua haifiki kwenye ugali. Kupika ni nje siku zote. Baridi huwashawishi wengine kuingiza jiko la mkaa kabini na kufunga vioo, na hewa ya mkaa huo haina harufu. Mtu hulala na haamki. Baba mdogo alilirudia hilo kwangu mara tatu, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia akiwa nyumbani.

Jumamosi mama mdogo alikuja na watoto kwa kosta, na chakula kwenye hotipoti. Watoto walipanda kitandani wakashangilia. Yeye alisimama kwenye ngazi ya kabini, akaangalia pazia, taa, meza ya minyororo, akaniambia taratibu: “Mwanangu, mmelitengeneza vizuri mno. Sasa atarudi kwetu kufanya nini?”

Sikuwa na jibu. Baba mdogo alisema, “Mama watoto, mtu akilala vizuri ndiyo anafika kwake salama.” Nadhani wote wawili wako sahihi, na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na profesa wa Darmstadt. Yeye mwenyewe anafundisha kwamba tunajenga kwa kuwa sisi ni wakaaji, si kwamba tunakuwa wakaaji kwa sababu tumejenga. Basi mtu anayetoboa matundu kwenye plaiwudi ili godoro lisioze anakaa kweli, hata kama kijiji chake kiko mwendo wa kosta tu. Ila mama mdogo ameona jambo ambalo mfano wa hotubani hauna: makazi ya dereva yana watu, na watu hao hawaenei kwenye kabini.

Kuhusu Kanisa, mlango uko wazi kuliko tunavyoutumia. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, wengi wakaukumbuka kwa amri zake kumi za madereva. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 568, inataka, kadiri inavyowezekana, wawekwe makasisi walezi kwa wale ambao hali ya maisha yao haiwaruhusu kupata huduma ya kawaida ya paroko. Inawataja wahamiaji na mabaharia. Madereva hawajatajwa kwa jina, lakini sioni tofauti kati ya baharia na mtu aliyefungwa siku nne kwenye foleni, akisikia kengele ya Misa na asiweze kwenda.

Wazo langu ni dogo: Misa ya Jumamosi jioni kando ya foleni, meza yoyote, padre mmoja na sisi mafrateri tulio likizo. Nilimweleza baba mdogo. Hakubisha. Aliuliza tu kama padre atakubali kusimama kidogo pale foleni itakaposogea.