Nikirudi Chuo

Kosa ninalorekebisha mara nyingi zaidi kwenye Kiingereza cha watu ni hili: "If I would have known, I would have called." Kazi yangu ni kusafisha maandishi ya wengine, barua za kazi, maombi ya ufadhili, blogu za biashara ndogo, na ndiyo inalipa kodi ya nyumba huku Githurai. Digrii sina. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana. Ila sentensi ikiharibika, haiulizi cheti cha anayeitengeneza.

Najua kosa hilo linatoka wapi. Kiswahili huweka alama moja pande zote mbili: ningejua, ningekupigia. -Nge- huku, -nge- kule, mizani imekaa sawa. Kiingereza sanifu hakitaki hivyo. "Would" inakaa upande wa matokeo tu, na upande wa "if" kitenzi kinarudi nyuma hatua moja: "If I had known." Hata Wamarekani wengi huiweka pande zote wakiongea, kwa hivyo usijione mshamba.

Hiyo hatua ya kurudi nyuma ndiyo siri ya mambo yote. Ukisema "If I had money," huongei kuhusu jana. Unaongea kuhusu sasa hivi, mfuko huuhuu. Wakati uliopita hapo unapima umbali kutoka kwa ukweli. Ukitaka jana ambayo haikutokea, unarudi hatua nyingine: "If I had had money." Wateja hudhani hizo "had" mbili ni kosa la kuchapa. Ziko sawa, bana.

Kiswahili cha darasani nacho kina hatua zake. -Nge- ni ya jambo ambalo bado linaweza kutokea, -ngali- ni ya lililokwisha kupita. Na mwalimu alituonya tusizichanganye kwenye sentensi moja. Mtaani tumeitupa -ngali-, kila kitu ni -nge-, utajua mwenyewe ni jana ama ni leo. Lakini mjomba wangu alifundisha Kiswahili shule ya msingi hadi akastaafu, na kila tukikutana kwa harusi au matanga, soda mkononi, ananitolea ile safi kabisa: "Ungalimaliza chuo, ungaliajiriwa."

Kisarufi huwezi kumgusa. Shida ni kwamba sentensi hiyo haina mlango. Kila kilichomo hakikutokea, kwa hivyo hakuna anayeweza kuonyesha kwamba ni uongo. Ningeweza kumwambia kwamba wenzangu kadhaa waliomaliza hunitumia CV zao niwarekebishie, na bado wanatafuta. Haitasaidia. -Ngali- haisikilizi habari za leo. Namjibu, "Ni kweli, mjomba," naongeza chapati.

Mwenye nyumba hana muda na hayo. Yeye ni wa -sipo-: "Usipolipa kufikia tarehe tano, nitafunga." Inatisha, lakini ina heshima yake. Inazungumzia jambo ambalo bado liko mikononi mwangu.

Halafu kuna mamangu. Tangu nirudi nyumbani na sanduku langu, sijawahi kumsikia akisema -ngali- juu yangu. Yeye husema, "Ukirudi chuo, chukua ile blanketi nzito." "Ukirudi chuo, usikae mbali na geti." Jaribu kuitafsiri. "If you go back"? Au "when you go back"? Kiingereza kinakulazimisha kuchagua: "if" ina shaka, "when" ina hakika. Kiswahili pia kinaweza kuchagua kikitaka. Angeweza kusema "kama utarudi," nikajua amekata tamaa. Angeweza kusema "utakaporudi," nikahisi nadaiwa. Ameshika -ki- miaka mitatu, na -ki- inabeba yote mawili bila kunisukuma popote.

Mwaka huu nimeweka akiba inayotosha karo ya semista moja. Chuo kinataka barua ya kuomba kurejeshwa, na barua ni ya Kiingereza, kwa hivyo ilibidi nichague. "When I am readmitted" ingesikika kama kiburi. "If I were readmitted, I would pay" ingeiweka mbali, kama mtu anayeota tu. Nikaandika ile ambayo walimu huiita ya kwanza, "if" na wakati uliopo, kisha "will": "If I am readmitted, I will clear the balance in two instalments." Ni sharti la kawaida, la jambo linalowezekana, na ahadi yake iko wazi. Nimerekebisha mamia ya sentensi kama hiyo kwa niaba ya watu nisiowajua. Hii niliisoma mara nne kabla ya kuituma.

Mama aliuliza nimeandika nini. Nikamwambia, "Nikirejeshwa, nitalipa deni kwa awamu mbili."

"Sawa," akasema. "Ukirejeshwa, hiyo blanketi iko juu ya kabati."