Novemba ya Jesse Helms

Oktoba 28, 1990, Watanzania walipiga kura ya Ndiyo au Hapana kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, mgombea pekee wa urais, na katika majimbo wakachagua kati ya wana-CCM wawili, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mimi habari hizo nilizisoma kwenye barua. Nilikuwa mwanafunzi Durham, North Carolina, mji ulionuka tumbaku, na huko nako watu walikuwa wakijiandaa kupiga kura Novemba 6. Nilikaa na Mkenya mmoja ambaye hasira za uchaguzi wa mlolongo wa 1988 kwao zilikuwa hazijamtoka. “Afadhali nyinyi, bwana, mna jembe na nyumba,” alikuwa akinitania. “Sisi tulisimama juani nyuma ya picha, halafu mstari mfupi ukatangazwa mshindi.”

Aliyekuwa akitetea kiti cha Seneti ni Jesse Helms wa chama cha Republican, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa televisheni mjini Raleigh. Jioni baada ya jioni alisoma maoni yake, na vijijini watu walimzoea kama jirani. Sisi Waafrika tulimjua kwa jambo jingine. Alikuwa miongoni mwa waliopinga vikali vikwazo dhidi ya Makaburu wa Afrika Kusini, na mwaka 1983 alipigana Seneti ikatae sikukuu ya Martin Luther King. Mpinzani wake, Harvey Gantt wa Democratic, alikuwa msanifu majengo, mtu mweusi wa kwanza kusoma Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, na wa kwanza kuwa meya wa Charlotte. Mwaka huo wa 1990 Mandela alikuwa ametoka gerezani na kuizuru Marekani. Kwa hiyo mnaelewa tulivyopandwa na mori, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na haki ya kupiga kura pale.

Oktoba, baadhi ya tafiti za maoni zilimweka Gantt mbele. Watu wa Durham walianza kuongea kana kwamba kazi imekwisha. Mama mwenye nyumba yetu, mwalimu mstaafu aliyekulia katika enzi za mabasi ya kutengana, hakushiriki shangwe hizo. Aliniambia, “Mwanangu, mzungu anayepigiwa simu na mtu asiyemjua hatasema kwamba hamtaki mtu mweusi. Msubiri aingie kibandani.”

Kisha likaja lile tangazo la Helms kwenye runinga. Mikono miwili ya mzungu, shati la miraba, barua ya kunyimwa kazi. Sauti inasema kazi ile uliihitaji na uliistahili, ila wamempa mtu wa kundi la wachache kwa sababu ya mgawo wa rangi. Mikono inaikunja barua na kuifinyanga. Uso hauonekani, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wake, kwa sababu kila aliyetazama aliweza kuiazima ile mikono. Siku zile viwanda vya nguo vilikuwa vikipunguza watu, na Rais Bush alikuwa ametoka kukataa kuutia saini mswada wa haki za kiraia, akidai utaleta migawo. Nusu dakika tu, lakini nilimwona mfanyakazi mwenzangu wa jikoni chuoni, mzungu mpole aliyenigawia sigara zake, akilitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Hakusema neno. Sijui alimpigia kura nani, wala sikumuuliza.

Kulikuwa pia na kadi za posta. Takriban 125,000 zilitumwa, nyingi kwa wapiga kura weusi, zikiwatisha kwamba waliohama makazi wanaweza kushtakiwa wakipiga kura kinyume cha sheria. Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya chama cha Republican cha jimbo hilo na kampeni ya Helms, ikamalizwa kwa makubaliano mahakamani mwaka 1992. Kura zilikuwa zimeshahesabiwa zamani.

Na Michael Jordan? Huyu nyota wa mpira wa kikapu ni mtoto wa Wilmington, mwanafunzi wa zamani wa chuo kikuu cha jimbo hilo hilo, na wakati ule hakuna uso uliojulikana kuliko wake. Alikataa kumpigia debe Gantt hadharani, ingawa alichangia fedha. Ile kauli iliyomwandama, kwamba Warepublican nao hununua viatu, alikuja kusema mwaka 2020 kuwa ilikuwa utani. Mimi simlaumu sana. Asingeibadilisha ile mikono.

Siku ya uchaguzi nilimsindikiza mama mwenye nyumba, yule mwalimu mstaafu, hadi kituoni, nikamsubiri nje. Mstari wa Durham ulikuwa mrefu na wa furaha. Wazee walivaa suti kama wanakwenda kanisani. Usiku, runinga ikaonyesha Gantt akiongoza mijini, kisha kaunti za mashambani zikaanza kuingia, na namba zikageuka taratibu. Helms alipata asilimia 52 na ushei, Gantt 47. Tofauti ilizidi kidogo kura 100,000. Katika hotuba ya ushindi seneta aliyadhihaki magazeti na wachambuzi. Rafiki yangu Mkenya, aliyetarajia fujo, alishangaa kumwona Gantt akikubali matokeo na watu wakirudi nyumbani. Mwalimu alizima runinga, akasema theluthi ya wazungu waliompigia Gantt ni wengi kuliko alivyotegemea, akaenda kulala.

Nimesikia wengi wakisema Helms aliokolewa na tangazo lile. Siamini. Tangazo lilimsaidia, lakini mtu aliyekaa katika sebule za watu kwa miaka 30 hahitaji kujitambulisha. Alijua wanaogopa nini kabla wao hawajakitamka.

Mwaka 1996 walikutana tena, Helms na Gantt, na Helms akashinda tena, akipata karibu asilimia ile ile ya kura. Alistaafu Januari 2003, akafariki Julai 4, 2008. Aligombea useneta mara tano, akashinda zote tano, na hakuna hata mara moja alipofikisha asilimia 56 ya kura.