Kaseti isiyo na utepe

Corolla ya mjomba ina redio ya Kijapani, mwisho wake 90 MHz. Transmita ya FM ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara inaanzia 87.5. Kaupenyo kenyewe ndo hako, na stesheni za Dar zimeshakaa humo. Makelele matupu! Fundi akasema ng'oa, weka mpya. Mjomba kagoma kabisa.

Nikatafuta kaseti ya waya: ndani haina utepe, ina kijisumaku kinachodanganya kichwa cha deki kwamba utepe unapita. Simu haina tundu la hedifoni, nikaongeza adapta. Jamani, Mbaraka Mwinshehe anatoka safi! Jumamosi tunamrudisha bibi Moro. Kaseti zake mwenyewe zililiwa na deki siku nyingi.