Mrehani Wangu na Baridi ya Njombe

Mimi nilizaliwa Pangani, pwani ya mkoa wa Tanga. Huko mrehani huota uani bila taabu. Wanawake huchuma majani yake wakayatia katika vikuba pamoja na asumini. Mwaka 1979 niliolewa Njombe. Siku ya kuondoka, mama alinipa mche mmoja wa mrehani katika kopo la maziwa. Akasema, "Ukiunusa huu, utanikumbuka."

Njombe ni nchi ya milima. Mji wake uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ni kali. Usiku ukiwa hauna mawingu wala upepo, joto la ardhi hupanda juu likapotea. Hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni. Asubuhi utaona umande umeganda, na nyasi ni nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi.

Mimi sikuyajua hayo. Mwaka wa kwanza niliacha kopo uani usiku mmoja wa Juni. Kulipokucha, majani yalikuwa meusi na laini kama mboga iliyochemshwa. Nililia. Mama mkwe akaja, akakwaruza shina kwa ukucha. Chini kabisa lilikuwa bado bichi.

"Usiung'oe, mwanangu," alisema. "Haujafa. Uingize ndani, ulale kama mgeni."

Nikauingiza, lakini nikafanya kosa la pili. Niliuweka karibu na mafiga, nikidhani unataka moto. Majani machanga yakakauka kwa joto na moshi. Tena nikawa naumwagilia kila siku, kama tulivyofanya Pangani. Kumbe wakati wa baridi mmea hunywa maji kidogo, na udongo haukauki upesi. Maji yakituama, mizizi huoza. Na kopo langu halikuwa na tundu hata moja! Ndugu msomaji, mimea mingi ya ndani husemwa imeuawa na baridi, kumbe imeuawa na maji. Tulililaza kopo, tukatoboa matundu manne chini kwa msumari.

Tangu hapo, ikifika mwisho wa Mei, mrehani huanza kulala ndani. Saa nne asubuhi, jua likishapanda, nautoa nje na kuuweka karibu na ukuta unaopigwa na jua. Saa kumi naurudisha. Usiku hukaa mezani, mbali na dirisha na mbali na moto. Kabla ya kumwagilia nachomeka kidole udongoni. Kikitoka kikavu, natia maji kidogo ya vuguvugu, tena asubuhi tu. Mbolea sitii mpaka Septemba.

Hata ukitunzwa vizuri, mrehani hauishi miaka mingi. Kwa hiyo kila Aprili nakata vitawi vichanga visivyo na maua, urefu wa kidole. Natoa majani ya chini, navitia katika gilasi ya maji. Baada ya wiki moja au mbili mizizi hutoka, nami navipanda katika makopo mapya.

Mama alifariki mwaka 1986. Nyumba ya Pangani iliuzwa, na pale uani pakajengwa chumba. Nilipokwenda kutazama, sikuona hata shina moja la mrehani. Basi mrehani wa mama ulikuwa umebaki Njombe tu, katika kopo moja juu ya meza yangu. Julai ile niliamka usiku mara nyingi kulipapasa kopo gizani, kama mtu mwenye mtoto mgonjwa.

Wifi yangu alinicheka sana. Aliniuliza kama majani nayo hufunikwa blanketi. Miaka mingi amenicheka hivyo. Mwaka jana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akaomba kitawi kimoja. Nilimpa viwili, maana kimoja atakisahau nje.