Gari Kuukuu na Njia Litakayoipita

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa kwamba chuma nacho hufa. Upepo wa bahari huja na chumvi, chumvi huzaa kutu, na gari lililoteremshwa bandarini likiwa linang'ara huanza, baada ya miaka michache, kumong'onyoka chini ya milango. Bara, katika uwanda wa juu wa kati ya Tanzania, adui ni mwingine. Mji wa Dodoma umekaa kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Disemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki nchi hukauka kabisa. Huko chuma huliwa na vumbi jekundu, laini kama unga wa mtama, liingialo kila penye tundu. Ndiyo maana swali la gari lipi linafaa haliwezi kujibiwa pwani kwa niaba ya bara. Njia yenyewe ndiyo yenye jawabu.

Nalo si swali dogo. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kwa dhati kuhamia Dodoma, na khasa baada ya mji huo kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, familia nyingi zimejikuta zikiishi huko huku wazee wao wako Kondoa, Manyoni, Mpwapwa au mbali zaidi. Gari la familia, kwa wengi wao, hununuliwa mara moja katika umri: kwa kiinua mgongo cha mzee aliyestaafu, au kwa mkopo utakaokatwa katika mshahara kwa miaka. Mwalimu mstaafu akikosea kuchagua, hapati kiinua mgongo cha pili. Kitakachopotea ni ada ya mjukuu, bati za nyumba, na ile safari ya usiku ya kumfikisha mgonjwa hospitali.

Kwa nini basi dizeli? Injini ya namna hii haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mara 16 hadi 22, ikapata moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe pindi yanapopulizwa. Kwa kubanwa huko hupatikana nguvu nyingi kwa mafuta machache, khasa katika mwendo mrefu wenye mzigo. Ila wema huo una masharti. Anayezunguka baina ya nyumba, shule na ofisi, safari za dakika kumi kumi, hufaidiwa zaidi na gari dogo la petroli. Dizeli humlipa yule mwenye safari ndefu, abiria saba na magunia juu.

Mvumbuzi wake, Rudolf Diesel, aliikamilisha injini yake ya kwanza ya kutegemewa huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Miaka mitatu baadaye, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Jambo hilo lina mzaha wake wa taarikh, kwa kuwa ni karanga hizo hizo zilizoleta katika nchi ya Wagogo somo kubwa kabisa juu ya mashine zilizotumika.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya Vita vya Pili, ilianzisha mradi wa kulima karanga Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Matrekta mapya hayakupatikana kwa wingi uliotakiwa. Yakatafutwa mabaki ya vita, mengine yakikusanywa hadi Ufilipino, na hata vifaru vikageuzwa kuwa matrekta. Yalipofika, mengi yalikuwa yamechoka. Ardhi ya Kongwa, ambayo wakati wa masika huwa tope na wakati wa kiangazi hukakamaa kama tofali lililochomwa, ilizila chuma za majembe. Vipuri vilikuwa mbali, karakana hazikutosha, mafundi walikuwa wachache, na kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imelala. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Wenye mradi hawakukosa fedha wala elimu. Walikosa kuiuliza ardhi, na walikosa kuuliza nani ataziganga mashine zitakapougua. Mnunuzi wa leo, mwenye akiba ya mtu mmoja, hana budi kuyauliza yote mawili kabla ya kuuliza bei.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kunguni wa dizeli hujulikana na mwenye subira. Kwanza, gari litazamwe alfajiri, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha kabla ya mgeni kufika ana analolificha, au angalau anastahiki kuombwa miadi ya siku nyingine. Baridi ya Dodoma ya mwezi wa Juni na Julai ni mtihani mzuri. Injini yenye plagi za kupashia joto zilizo nzima, na silinda ambazo bado zinabana hewa sawasawa, huitika upesi. Iliyochoka hukohoa na kutikisika. Sikio la mpenzi wa mashairi, lililozoea kuhesabu mizani, litatambua haraka silinda moja iliyo dhaifu. Mlio huchechemea pale pale kila mara, kama mshororo uliopungukiwa na silabi.

Kisha utazamwe moshi. Mweupe kidogo wakati wa kuwaka, ukapotea, hauna neno. Mweupe usiokoma huenda ukawa ni maji yanayopenya ndani ya silinda. Mweusi hutokana na mafuta kuzidi hewa, aghalabu kwa nozeli mbovu au chujio la hewa lililojaa vumbi, na huo mara nyingi hutibika kwa gharama ya kiasi. Wa rangi ya buluu ni oili inayoungua, na kuutibu kwake ni kuifungua injini. Baada ya hapo kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe injini ikiwa inanguruma. Pumzi nyepesi ni ya kawaida, lakini ikipuliza kwa nguvu, pete za pistoni zimekwisha. Mtu asisahau kulala chini na kuitazama chesisi, kwani magari mengi huja kutoka Japani, na yaliyoishi katika mikoa ya theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, huwa na kutu ile ile ambayo watu wa visiwani wanaijua. Rangi mpya ya juu haiwezi kuisitiri.

Katika kuchagua injini, mafundi wa bara wana maneno yao. Ile ya 5L ya Hilux na Hiace, na ile ya 1HZ ya Land Cruiser, hazina turbo wala mambo mengi ya umeme. Ni nzito na za polepole, lakini pampu yake huweza kufunguliwa na kurekebishwa na fundi aliye karibu. Ile ya 1KZ, iliyotiwa katika Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990, ina nguvu na raha zaidi, lakini silinda hedi yake haistahamili joto kali. Rejeta iliyoziba ikipuuzwa mara moja, hedi hupasuka. Zile za baadaye, kama 1KD, hupuliza mafuta kwa mgandamizo unaozidi mara 1,000 ule wa hewa ya kawaida. Hutumia mafuta kwa uangalifu, ila nozeli zake haziusamehi uchafu wala tone la maji. Kuna wakati mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, yalichanganywa katika dizeli. Ndipo EWURA ilipoanza kuyatia mafuta vinasaba mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hata hivyo dumu lililojazwa kando ya njia linabaki kuwa hatari kwa injini hizi.

Njia nazo zimebadilika. Barabara ya Dodoma hadi Babati, ipitayo Kondoa, ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa ya lami. Kwa anayeishi kando yake, gari kubwa la kuvutia magurudumu yote manne limekuwa fahari zaidi kuliko haja. Lakini atakaye kwenda Kwamtoro au Farkwa wakati wa masika, pale udongo mweusi wa mbuga unapoyashika magurudumu, bado atalihitaji. Naye atakayepanda kutoka Mtera kwenda Iringa kwa milima ya Nyang'oro, na alijaribu gari mlimani kabla ya kutoa fedha, huku jicho lake liko katika mshale wa joto. Tambarare za Dodoma huficha maradhi mengi ya rejeta.

Dalali naye ana fasihi yake. "Mzee wangu, gari hili lilikuwa la bibi mmoja tu, analitoa Jumapili kwenda kanisani." Hakuna haja ya kugombana naye. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma, lakini pedali ya breki iliyolika, usukani uliong'aa kwa viganja na kiti kilichobonyea havirudishwi. Kadi ya gari isomwe pamoja na namba iliyochongwa katika chesisi, na zisipolingana, mazungumzo yaishie hapo hapo kwa adabu.

Kwa mwalimu yule wa kiinua mgongo, basi, gari la kutegemewa huenda lisiwe lile zuri kuliko yote uwanjani. Pengine ni Hilux yenye mikwaruzo, isiyokimbia, iliyowaka alfajiri bila ya kubembelezwa, na ambayo fundi wa Kondoa mjini ameifungua mara nyingi na anajua kipuri chake kinauzwa duka gani. Amchukue fundi huyo siku ya kwenda kulitazama, amlipe ujira wake hata kama gari halikununuliwa, na abakishe sehemu ya fedha kwa ajili ya belti, oili, machujio na matairi ya mwanzo. Fedha hiyo ya akiba ndiyo wengi huisahau, wakakabidhi kila walichonacho kwa dalali, na gari likalala uani katika mwezi wa pili likingoja nozeli moja.