Tabora: Njia ya Misafara na Ulimi wa Mtoto

Anayeshuka garimoshini Tabora huona miembe kwanza. Imesimama kandokando ya barabara, mikubwa, yenye kivuli kizito. Wenyeji husema ilitokana na kokwa walizotupa wasafiri wa zamani. Basi, chini ya kivuli hicho tuzungumze habari moja inayowagusa wazazi wote: mtoto anapofundishwa kwa lugha ambayo nyumbani haisemwi, mzazi afanye nini?

Tabora yafaa kujibu swali hilo, maana ni mji uliozaliwa na lugha nyingi. Burton na Speke walipofika Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha jenga matembe mahali palipoitwa Kaze, katika nchi ya Unyanyembe. Njia ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita Ugogo, ikafika hapa. Kisha ikaendelea mpaka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wapagazi walikuwa Wanyamwezi wengi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi begani.

Vijana wale walitoka kwao na Kinyamwezi tu. Walirudi na Kiswahili. Nani aliwafundisha? Njia yenyewe. Kijana aliambiwa, "Tua mzigo," akaona wenzake wanatua, naye akatua. Aliambiwa, "Lete maji," akaonyeshwa kibuyu. Alisikia kwanza, akatenda, na kusema kukaja baadaye. Wala hakuwa peke yake. Jioni, kando ya moto, alikaa na ndugu zake wa kijiji, akawauliza kwa lugha yake maana ya yale aliyosikia mchana.

Ukitoka mjini kwenda Kwihara, si mbali, utaliona tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Miaka sita baadaye, mwaka 1878, Mapadre Weupe wa kwanza walifika Unyanyembe kwa miguu. Wengi wao walikuwa Wafaransa. Walikuwa watu wazima wenye elimu, lakini hapa walikuwa kama watoto wa darasa la kwanza. Mkuu wao, Lavigerie, alikuwa amewaagiza wajifunze lugha za wenyeji. Ikawabidi kuonyesha kitu kwa kidole na kuuliza jina lake.

Njia hiyo hiyo ilimleta pia Adriano Atiman. Alitekwa utotoni huko Sudani ya Magharibi, akauzwa, akakombolewa na Mapadre, akasomeshwa kwa lugha ya kigeni mpaka akapata utabibu huko Malta. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Tunamheshimu sana. Lakini tukumbuke gharama: alijifunza lugha hizo bila mama wala baba wa kumsikiliza. Mtoto wetu anao. Je, tunamsikiliza?

Tuangalie mfano wa mbali. Mwaka 1965, katika mji mdogo wa St. Lambert karibu na Montreal, Kanada, wazazi wasemao Kiingereza waliomba watoto wao waanze shule kwa Kifaransa. Tangu siku ya kwanza mwalimu alisema Kifaransa tu. Lakini hakumkaripia mtoto aliyejibu kwa Kiingereza. Mwalimu akisema "simama" alisimama mwenyewe. Akisema "mlango" aliugusa mlango. Waliimba, walichora, walicheza duka, wakahesabu vitu mkononi. Masomo ya Kiingereza yaliingizwa baadaye, walipofika darasa la pili. Wataalamu waliowapima kwa miaka kadhaa waliona kwamba Kifaransa kilikua na Kiingereza hakikupotea.

Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji. Lugha ya nyumbani kwa watoto wale ilikuwa na heshima. Vitabu vyake vilikuwamo nyumbani, na wazazi wenyewe ndio waliochagua darasa lile. Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikuwa mengine. Katika shule nyingi za zamani mtoto aliyesema lugha ya kwao alivalishwa kibao shingoni, au alichapwa. Akajifunza kuona haya, na mwenye haya hunyamaza.

Nchini Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na Kiingereza kikabaki katika sekondari. Kwa hiyo mtoto wa kijiji cha Unyamwezi huvuka mito miwili: kutoka "Mwangaluka" ya bibi yake kwenda Kiswahili cha darasani, kisha Kiingereza. Wapo waliovuka salama. Julius Nyerere alitoka katika nyumba ya Kizanaki, akaanza shule Musoma mwaka 1934 akiwa na miaka kumi na miwili, akaingia shule ya Tabora mwaka 1937, na baadaye akafundisha St. Mary's papa hapa Tabora. Ndiye aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Lakini wengi hukwama mtoni, si kwa ujinga, ila kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono.

Wazazi wengi husema, "Mimi lugha hiyo siijui, hiyo ni kazi ya mwalimu." Hapo ndipo tunapokosea. Hutakiwi kuijua. Mwulize mtoto jioni, "Leo mmefanya nini?" Akueleze kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kueleza, ameelewa. Asipoweza, nenda ukamwone mwalimu. Mwache awe mwalimu mdogo: amfundishe bibi maneno matatu ya shuleni, na bibi acheke pamoja naye, asimcheke. Tegeaneni vitendawili, mpeni hadithi. Mtoto anayejua kwa lugha ya kwao mti huu ni dawa gani na mbegu hupandwa lini, ana vigingi vingi vya kutundika maneno mapya. Asiye na vigingi, maneno huanguka chini. Tena mpunguzie kazi kidogo jua lingali lipo, apate kusoma akiona. Akikosea neno, litamke sawa ukilijua, basi. Fimbo haifundishi ulimi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikachukua kazi ya wapagazi. Njia ya lugha haijapata garimoshi. Bado mtoto huipita kwa miguu yake, hatua kwa hatua, na mzigo wake begani. Basi jioni akirudi, akute moto unawaka na watu wa kwao wameketi, tayari kumsikiliza.