Ngoja Nikutoe

Mara ya kwanza kualikwa chakula cha jioni hapa Hamburg, mwenyeji wangu aliniaga mlangoni kwa ukarimu mkubwa. Alinifungia vipande viwili vya keki, akaniambia nikifika nimtumie ujumbe. Mlango ukafungwa. Nikashuka ngazi za ghorofa nne peke yangu, najiuliza nimemkosea nini.

Sikumkosea, wala yeye hakunikosea. Kwao ugeni unaishia kizingitini. Kwetu Tanga unaishia njiani, na ni wapi hasa, hilo mtalijua mkiwa mnatembea.

Ukiaga nyumbani Ngamiani, mwenyeji anatafuta kandambili. "Ngoja nikutoe." Anakutoa mpaka kwenye kona, kona imefika, mazungumzo hayajafika, basi mnasogea mpaka dukani, mpaka kituo cha daladala. Mara nyingine mgeni anaona mwenzake amekuja mbali mno, anageuka naye kumrudisha. Mama yangu na shoga yake nimewaona wakisindikizana hivyo, huku na huko, mpaka adhana ya isha ikawakuta barabara ya 12. Wazee walikuwa na neno jingine pia, kuadi, kumfuata mgeni kidogo anapoondoka kwa kumheshimu. Siku hizi silisikii. Kusindikiza limebaki, na limebeba mengi: bibi harusi husindikizwa, marehemu husindikizwa, na kule kituo cha Ubungo, Dar es Salaam, kabla mabasi ya mikoani hayajahamia Mbezi, msindikizaji alilipa kiingilio ili tu ampungie mkono ndugu yake dirishani. Ndiyo maana huniuma kusikia timu dhaifu ikiitwa "wasindikizaji", kana kwamba kwenda na mwenzako ni kukosa shughuli.

Maana shughuli yenyewe iko hapo. Sebuleni kuna watoto, kuna mawifi, kuna runinga. Njiani mko wawili, mnatazama mbele, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Hapo ndipo linapotoka lililomleta mgeni: ada ya mtoto, mkopo, posa, ugomvi na mume. Likizo yangu ya mwisho nilikaa na mama wiki tatu. Kila nikimwuliza hali, "Sijambo, mwanangu." Asubuhi ya kuondoka, tunaelekea kituoni, begi liko begani kwangu, akasema taratibu kwamba jicho la kushoto halioni tena. Kama angeniaga mlangoni, ningepanda ndege bila kujua.

Wajerumani nao wana namna yao ya kujali. Ule ujumbe wa "umefika?" hawausahau, na ninauthamini. Ila ujumbe unauliza habari za mwisho wa safari. Yale ya katikati hayana pa kusemewa.

Kwa hiyo mgeni akiaga kwangu Barmbek, navaa koti. Ni dakika saba mpaka stesheni, na Januari hata saba ni nyingi. Majuzi alikuja kijana wa Bujumbura anayesoma hapa. Nilipochukua funguo akacheka kwa furaha: "Dada, unaniherekeza!" Kwao kwa Kirundi ni guherekeza. Jioni nzima alikuwa ameongelea masomo na baridi. Tulipofika jukwaani akanyamaza kidogo, kisha akaanza habari za baba yake. Treni ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Alikuwa bado hajamaliza.